Joto la Injini

Mtaani walimwita Taratibu, na jina hilo hakupewa kwa kusifiwa. Ukimpelekea gari leo ukitaka kulichukua kesho, fundi huyo alikuangalia, akafuta mikono yake kwa kitambaa chenye oili, kisha akasema, "Taratibu." Basi. Neno la pili hupati. Wenye haraka zao walikwenda kwa mafundi wengine, na wengi walirudi kwake wakisukuma magari.

Tangu mkewe afariki, hata neno hilo moja lilianza kuwa adimu. Aliishi katika chumba kimoja nyuma ya gereji yake. Kitanda kilikuwa cha watu wawili, naye alilala upande wake ule ule wa ukutani, kama mtu anayemwachia mwenzake nafasi. Binti yao wa pekee alikuwa ameolewa mbali. Mwanzoni alipiga simu kila jioni, baadaye mara moja moja, kisha akajifungua, na mwenye mtoto mchanga hana muda wa kukaa na simu sikioni. Baba yake hakumlaumu. Jioni zilikuwa ndefu tu.

Siku hiyo jua lilikuwa limeshazama nyuma ya mapaa. Taratibu alikuwa ameshika ndoo, anakwenda bombani kuchota maji ya kunawa, aliposikia gari likiingia. Kabla hajaliona, alijua kwa mlio wake kwamba silinda moja haifanyi kazi vizuri.

"Inamisi," alijisemea.

Lilikuwa gari dogo la kijivu, la zamani, limepauka juu ya paa. Aliyeteremka ni mama mshonaji anayekaa mwisho wa mtaa, mjane mwembamba mwenye futi ya kitambaa shingoni, ambaye watoto wote walimwita Bibi Cherehani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Taa inawaka."

"Ipi?"

"Ya injini. Hiyo ya manjano."

"Inawaka muda wote?"

"Jioni tu."

Taratibu alitabasamu kidogo. "Gari halijui jioni, mama."

Mama yule hakutabasamu. "Jioni tu. Tena nikiwa peke yangu. Nikipakia mtu, inazimika."

Akatoa ufunguo, akauangusha kwenye kiganja cha fundi bila kumgusa. Halafu akatazama pale gerejini: matairi yaliyopangwa ukutani, meza ya chuma, mlango wa chumba cha nyuma uliokuwa wazi nusu.

"Unaishi na nani hapa?"

"Na spana zangu."

"Huna watoto?"

"Mmoja. Yuko mbali."

"Aa," akasema, polepole, kama anayepima kitambaa kwa macho. "Basi utapata nafasi ya kuliangalia vizuri."

Akaondoka kwa miguu. Kwa umri wake alikwenda mwendo wa kasi, na hakugeuka nyuma hata mara moja.

Kesho yake asubuhi Taratibu alichomeka mashine yake ya kupimia chini ya usukani. Ikatoa jibu moja tu: silinda ya nne haichomi mafuta sawasawa. Ni ugonjwa wa kawaida, anaoukuta kila wiki. Akafungua plagi ya nne, akaikuta safi. Akachukua koili ya silinda ya nne, ile inayoleta cheche, akaihamishia ya pili, na ya pili akaileta ya nne. Ugonjwa ukihama, mbovu ni koili. Usipohama, endelea kutafuta. Akafuta kumbukumbu ya hitilafu, akawasha.

Injini ikanguruma kama mpya.

Asubuhi nzima taa haikuwaka. Mchana akapima mgandamizo, akanyunyizia maji mipira ya hewa akitafuta ufa, akatikisa kila waya alioweza kuufikia. Kila kitu kizima. Alichogundua ni kwamba mwenye gari ni mshonaji kweli: vitambaa vya viti alivishona mwenyewe kwa uzi mwekundu, nukta ndogo ndogo zilizolingana kama za mashine, kumbe ni za mkono.

Jua lilipoanza kuinama, akaamua kulitembeza.

Alipita maduka ya mwisho, akapita ukuta mrefu wa ghala la mbao, akaingia barabara iliyonyooka isiyo na watu. Redio haikuwa inafanya kazi. Alisikia tairi zake tu, na pumzi yake.

Ghafla taa ikawaka. Ya manjano. Injini ikaanza kukwama kwama, silinda ya nne.

Wakati huohuo springi za nyuma zikalia... kwii... na gari likainama upande wa kushoto. Fundi yeyote anaujua mlio ule. Ndivyo gari linavyolia mtu anapopanda.

Taratibu akatazama kioo. Kiti cha nyuma kilikuwa kitupu.

Lakini kitambaa chake kilikuwa kimebonyea.

Akasimamisha gari kando, akashuka. Kazi ni kazi. Akakagua tairi la nyuma la kushoto, limejaa upepo. Akapenyeza mkono kati ya tairi na bodi upande wa kulia: mkono ukaingia wote. Akazunguka kushoto: vidole tu ndivyo vilivyoingia. Kulikuwa na mzigo ndani. Na pale mlangoni ilitoka harufu ya udongo uliolowa, na baridi kama ya mlango wa pango.

Akarudi taratibu, macho mbele, akijiambia ni springi, ni uzee wa gari, ni njaa. Alipoingia gerejini springi zikalia tena, gari likasimama sawa, taa ikazimika.

Mtu mwingine angeufunga mlango na kumwita mwenyewe aje kuchukua gari lake. Taratibu hakuwahi kurudisha gari na ugonjwa wake. Akawasha taa ya mkononi, akafungua boneti, akainama nyuma kabisa ya injini, pale penye bati la kukinga joto la ekzosi, mahali pa moto ambapo nywele za mkono huungua ukizembea. Akalegeza bolti mbili, akainua bati.

Kulikuwa na kifurushi.

Kidogo, kama ngumi ya mtoto. Kitambaa cheupe cha shati la mwanamume, kimeshonwa pande zote kwa uzi mwekundu, nukta ndogo ndogo zilizolingana. Kilifungwa kwa kamba juu ya waya unaokwenda silinda ya nne, kikaubana. Kwenye joto lile kitambaa kingekuwa kimeshakuwa majivu siku nyingi. Hakikuwa na hata alama ya moshi. Alipokigusa, kilikuwa cha baridi kiasi kwamba kidole kilimuuma.

Alijua ni kitu cha waganga. Alijua pia kwamba waya uliobanwa ndio ugonjwa aliokuwa akiutafuta siku nzima, na furaha ya fundi aliyeuona ugonjwa ikamzidi hofu. Akachukua koleo.

Akaikata kamba.

Injini ikavuta pumzi ndefu... na injini ilikuwa imezimwa.

Akakiweka kifurushi juu ya meza ya chuma, akafunga mlango wa gereji, akaenda kunawa.

Jioni ile ile, akiwa amekaa kitandani hajazima taa, chumba kilianza kupoa. Haukuwa ubaridi wa upepo, maana pazia halikutikisika. Ulipanda kutoka sakafuni, ukashika vifundo vya miguu, ukapanda magotini. Akavaa koti. Akasikia godoro likilia nyuma yake, upande ule usiolaliwa. Likabonyea.

Hakugeuka.

"Nasikia baridi," sauti ikasema.

Ilikuwa sauti ya mkewe. Si inayofanana nayo. Ni ile yenyewe, na ule mkwaruzo wake wa mtu aliyetoka kuamka. Ni kweli miguu ilitaka kukimbia. Lakini ilikuwa imepita miezi mingi mno bila mtu kukaa upande ule wa kitanda. Mikono yake ikashika blanketi, ikalisogeza nyuma.

"Jifunike," akanong'ona.

Kuanzia hapo, Taratibu akawa mtu mwingine. Alifunga gereji mapema. Wateja walimsikia akipiga mluzi chini ya magari, wakasema afadhali, msiba umeanza kumtoka. Hawakujua kwamba kila giza lilipoingia alikaa na kusimulia: nani kaleta gari gani, nani kabishana naye, bomba limekauka tena. Sauti haikusema mengi. Ilisema, "Ehe." Ilisema, "Sogea." Wakati mwingine ilicheka kidogo. Naye hakugeuka kuitazama. Hakuna aliyemkataza. Alijua tu kwamba akigeuka, kitu kitaharibika.

Lakini mwili haukudanganyika. Chai ilipoa mara tu aliposhika kikombe. Suruali zilianza kumpwaya. Mteja mmoja alimpa mkono akaurudisha haraka, akauangalia, akaupangusa kwenye shati.

Mara mbili alimpigia mama mshonaji aje achukue gari. Simu iliita mpaka ikakatika.

Halafu jioni moja sauti ikauliza:

"Mwanetu anakaa wapi?"

Taratibu alitabasamu, mgongo ukiwa umeielekea. "Si unajua."

Godoro likalia kidogo.

"Nimesahau. Niambie. Kwake kuna joto?"

Tabasamu likamganda. Mkewe ndiye aliyempeleka binti yao nyumbani kwa mumewe. Mapazia ya nyumba ile aliyachagua yeye, akagombana na muuzaji mpaka wakacheka wote.

"Kwa nini unauliza?"

"Mtoto mchanga ana joto zuri sana," sauti ikasema.

Binti yao alishika mimba mama yake akiwa kaburini. Na Taratibu, katika maongezi yote yale, hakuwahi kutaja mjukuu. Alimficha, hata yeye hakujua kwa nini. Labda lilikuwa jambo pekee zuri alilobakiwa nalo, akalionea uchoyo.

Alikaa vile vile mpaka kulipopambazuka, amekaza macho ukutani. Hakujibu tena, na nyuma yake godoro halikuinuka.

Mchana akaenda mwisho wa mtaa. Mama mshonaji alikuwa dirishani, mbele ya cherehani yake, amevaa gauni jepesi. Jasho lilimtiririka usoni, naye hakulifuta. Alikuwa akiliangalia likidondoka juu ya kitambaa kama mtu anayeangalia mvua baada ya ukame. Alipomwona fundi, mguu wake uliacha kukanyaga.

"Umekiona," akasema kwa sauti ya chini.

"Nimekiona."

"Umekifungua mwenyewe? Sikukuomba?"

"Nimekata kamba. Hukuniomba."

Akafumba macho. "Nisamehe, mwanangu."

Hakumkaribisha ndani. Alimwambia yote pale pale, kupitia nondo za dirisha, akinong'ona. Mumewe alipokufa alishindwa kukaa na ule ukimya. Akasafiri kwa mganga mmoja asiyejulikana na mtu, akapewa kitu cha kushonea ndani ya shati la marehemu. Akaambiwa akiweke penye moto wa kila siku, maana mwenye kurudi huja na baridi. Gari lilikuwa la mumewe, akalipenda kuliko nyumba. Basi akakiweka kwenye injini, na kila jioni akalitembeza, na mwenzake akapanda.

"Mwaka wa kwanza nilikuwa na furaha," akasema. "Usinicheke."

"Sikucheki."

"Mume wangu alikuwa hasikii kwa sikio la kushoto. Tangu ananioa, nikitaka kumwita nazunguka kulia. Siku moja nikasahau. Nikanong'ona upande wa kushoto. Akaitika." Akakunja kitambaa mkononi. "Siku hizo nilikuwa nimeshampa kila kitu. Nimeshamwambia habari za watu wangu wote."

"Ni nani, basi?"

"Sijui. Mganga hakusema. Alichosema ni kwamba aliyemfunga hawezi kumfungua, na atakayemfungua ndiye atakayemchukua. Tena amfungue kwa hiari yake."

Taratibu akashika nondo. "Kwa nini mimi?"

Mama yule akatazama chini. "Uliniambia huna mtu."

"Nilikwambia nina mtoto."

"Ulisema yuko mbali."

Mtaani watoto walipita wakikimbizana na tairi bovu.

"Nikikichoma?"

"Nilijaribu. Sikuwasha injini, nikaliacha gari lipoe, nikasema nitakichoma kesho. Hiyo kesho yenyewe wakanipigia simu. Dada yangu, yuko mji mwingine kabisa, kakutwa amekufa kitandani. Mchana, jua linawaka. Walisema alikuwa amekakamaa kama aliyelala nje kwenye barafu." Akainama karibu na nondo. "Usimwache apate baridi. Akipata baridi, anawatafuta walio wako."

Taratibu alirudi mbio. Wanaomjua walisimama kumtazama, maana hakuna aliyewahi kumwona mtu yule akikimbia. Akachukua kifurushi mezani, akakifunga upya chini ya bati la ekzosi, akawasha injini, akakaa nyuma ya usukani. Jua likazama. Taa ya manjano ikawaka. Springi zikalia.

"Afadhali," sauti ikasema, sasa ikiwa karibu kabisa na kisogo chake. "Afadhali hapa."

Siku zilizofuata alifikiria jambo moja tu, na alijiona mchafu kwa kulifikiria. Alikuwa na rafiki, fundi mwenzake, wanamwita Chuma, walijifunza kazi pamoja chini ya mzee mmoja. Mtu mnene, mcheshi, gereji yake iko upande wa pili wa reli. Hana mke, hana mtoto, wazazi wake walishakufa. Ukiangalia vizuri, ni mtu asiye na jamaa ambaye kile kitu kitamtafuta.

Akampelekea gari alasiri, jua bado liko juu.

"Inamisi silinda ya nne," akasema. "Mimi imenishinda."

Chuma alicheka mpaka tumbo likatikisika. "Taratibu kashindwa. Ngoja niwatangazie watu." Akafungua boneti, akakunja mikono ya ovaroli, akainama huku akiongea, maana yeye hajui kufanya kazi kimya. "Unajua nilitaka kuja kukuona wiki hii? Nikasema, yule bwana yuko peke yake, na mimi niko peke yangu, tunangoja nini? Mtu unaweza kumaliza siku nzima, mteja akiondoka, husikii sauti ya mtu mpaka kesho. Nimefika mahali naongea na jeki. Naiambia, haya mama, panda..."

Taratibu alisimama nyuma yake, mikono mifukoni.

"Umeliona hili bati?" Chuma akasema. "Bolti zimeshikwa juzi juzi tu. Kuna kitambaa huku ndani."

Springi zikalia. Mchana kweupe, jua linawaka, gari likainama mbele, taratibu, likielekea upande aliosimama Chuma. Kama mtu anayesogea kumwona mgeni vizuri.

"Kimebana waya. Nipe koleo nikitoe."

Koleo lilikuwa pale mezani, karibu na mkono wa Taratibu. Akaliangalia. Akaangalia shingo nene ya rafiki yake, na kola ya ovaroli iliyochanika ikashonwa vibaya na mtu asiye na wa kumshonea.

"Acha," akasema.

"Nini?"

"Acha. Usikiguse." Akamshika kiwiko, akamvuta nyuma.

Chuma aliruka. Akashika kiwiko chake kwa mkono mwingine, akamtazama kwa mara ya kwanza siku ile, akamtazama sawasawa.

"Una nini wewe? Mkono wako..."

"Naumwa kidogo."

"Ingia ndani ukae."

"Siku nyingine."

"Taratibu, nakuuliza kama rafiki yako."

Taratibu akafunga boneti, akaingia ndani ya gari, akaondoka. Kwenye kioo alimwona Chuma amesimama katikati ya njia, bado ameshika kiwiko. Na alijua hatapita tena upande ule wa reli.

"Ungeniacha tu kwake," sauti ikasema. "Ana mwili mkubwa."

Akaongeza mwendo.

Binti yake alipiga simu siku chache baadaye, giza likianza kuingia, naye yuko pale pale nyuma ya usukani, injini inanguruma bila kwenda popote. Aliitazama simu ikiita mkononi mwake. Ndiyo simu aliyoingoja miezi yote hii.

"Baba, shikamoo."

"Marahaba, mama. Mtoto?"

"Mzima. Amenenepa, utamcheka. Baba, nina habari. Mume wangu amepata safari ya kikazi, atakaa muda. Nikasema sitaki kukaa huku peke yangu. Nije huko na mtoto, tukae na wewe. Nitakupikia, nitakufulia, utamzoea mjukuu wako. Baba? Unanisikia?"

Nyuma yake springi zikalia, polepole. Ubaridi ukamgusa sikio, lile lililoshika simu. Kile kitu kilikuwa kimeinama kusikiliza.

Alitaka kusema njoo. Njoo leo. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni.

"Usije," akasema.

"Unasemaje?"

"Hapa hapana nafasi."

"Baba, nitalala hata chini."

"Nimesema usije."

"Kwa nini? Unaumwa? Sauti yako mbona hivyo?"

Akafikiria ugonjwa, akaona ugonjwa utamleta mbio. Akafikiria deni, atauza vitu aje. Alimjua mwanawe. Lilikuwepo jambo moja tu ambalo lingemzuia, naye akalichukua, akalisema kwa sauti kavu ili asilie.

"Nina mwanamke humu ndani. Hataki wageni."

Mbali sana alisikia mtoto akijisemea vilugha vyake, vile vya mtoto aliyeshiba.

"Udongo wa kaburi la Mama haujakauka," binti akasema mwishoni.

"Ndiyo hivyo."

"Sawa, Baba. Kaa na mwanamke wako."

Akakata. Taratibu aliweka simu kwenye mfuko wa shati, akakifunga kifungo cha mfuko, akaweka mikono yote miwili juu ya usukani, akainamisha kichwa juu yake.

"Hukumdanganya," sauti ikasema nyuma yake, kwa upole mkubwa.

Basi hayo ndiyo yaliyompata. Siku hizi hapokei kazi. Wapita njia humwona kila jioni ndani ya gari la kijivu ambalo haliendi, taa ya dashibodi ikimpaka manjano usoni, midomo ikicheza. Wengine wanasema kachanganyikiwa kwa ajili ya mke. Mama mshonaji alihama, hakuaga mtu. Chuma alikuja mara mbili, akagonga geti, akaita, akaondoka. Taratibu anawasha injini asubuhi, anaiwasha mchana, anaiwasha jioni, na mafuta yakikaribia kuisha haoni aibu kwenda kukopa kwa mtu yeyote. Mwili umebaki mifupa na koti. Lakini alikuwa na jambo moja la kumtuliza. Mwanawe amemkasirikia, na mtu aliyekasirika haji.

Mpaka juzi, giza likiingia, ujumbe ulipofika. Alifungua kifungo cha mfuko, akaitoa simu, akaisogeza kwenye ile taa ya manjano ili asome.

*Baba, mwambie huyo mwanamke wako aache kunipigia simu. Kila jioni ananiuliza kama mtoto amefunikwa.*

Aliusoma tena. Akatazama orodha ya simu zilizopigwa kutoka kwake kwenda kwa binti. Hakukuwa na hata moja.

Akageuka. Kwa mara ya kwanza tangu yaanze, Taratibu akageuka akatazama nyuma.

Taa ilikuwa bado inawaka. Injini ilikuwa ya moto. Kiti kilikuwa kitupu, na kitambaa chake kilikuwa kimenyooka, hakijabonyea popote.

Gari lilikuwa limesimama sawa, kama linavyosimama abiria akishashuka.